Mpaka Uliovaa Kitenge

Bushira hulima majani yasiyoliwa. Katika mji wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ambako jani lolote lenye afya hutazamwa kwanza kwa jicho la sufuria, huo ni msimamo mgumu kuutetea, na yeye hajisumbui kuutetea. Wapitao uani kwake humwuliza swali lile lile. Walimwuliza wakati Samira, mzaliwa wake wa kwanza, angali mgongoni, na sasa Samira ameolewa Uvira na bado wanauliza.

"Mama Samira, hii majani banakulaka?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Sasa iko ya nini?"

"Ya kuangalia."

Mwulizaji huyaangalia, kwa heshima, kwa muda unaomtosha mtu asiyetaka kumuudhi mgonjwa, kisha huaga.

Chanzo cha yote ni kivuli. Kassimu, mume wake, ni mtu wa boti. Huchukua mizigo Kalemie, Kigoma, Uvira, na watu wa maji wakinunua ardhi hawaikagui sana, maadamu haivuji. Alinunua parseli, kiwanja ambacho nusu ya ua wake ilikuwa chini ya mti wa avoka, yaani mparachichi, wa jirani. Shina lilisimama kwa Isidore, seremala. Matawi yalihamia kwa Bushira bila kubisha hodi. Bushira alikuwa bibi-arusi mpya na alitaka bustani kama bamama wengine. Akapanda mahindi chini ya mti ule, yakatoka membamba kama ndevu za kwanza. Akapanda nyanya, zikarefuka kutafuta jua hadi zikaanguka. Hata mihogo, mmea ambao hukubali kuishi karibu popote, ilimkatalia.

Ndipo alipopita Mukankuranga, mama wa milimani aliyekuwa akishuka na siagi yake sokoni enzi zile njia ilipokuwa ikipitika. Alipumzika chini ya avoka, akaitazama ile mihogo, akacheka mpaka akajifuta macho. Safari iliyofuata alileta kijiti kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi: majani yake rangi ya mvinyo, yamepindwa ukingo wa kijani, kana kwamba kuna fundi aliyeyashona.

"Hii haipendi jua," alisema. "Inapenda kukaa ndani kama bibi-arusi. Chomeka tu."

Bushira alichomeka. Kikaota. Akavunja ncha, akachomeka ncha, nayo ikaota. Mtu aliyeshindwa na mihogo hasahau jambo kama hilo.

Tangu hapo, wake wengine wa wenye boti walipoagiza vitenge, yeye aliagiza vijiti. Bandarini ofisa mmoja alimshika Kassimu nusu siku akitaka kujua mfuko ule wa viazi vyenye macho mekundu ni wa nini, na Kassimu, ambaye kweli hakujua, alijibu vibaya sana. Mambo yalikwisha pale ofisa alipoomba viwili kwa ajili ya mama yake.

Majina ya kitabuni Bushira hayajui, na hajawahi kuyakosa. Ana ya kwake. Ile ya Mukankuranga, ambayo saa sita mchana hulala chini kama imefiwa na ukiinyunyizia maji huinuka kama hakuna kilichotokea, anaiita Kilio. Inayotambaa, zambarau kwa chini na fedha kwa juu, iliyopewa kona moja na sasa inakaa kona zote, ni Shemeji. Na ile yenye majani meupe, mapana kama masikio ya tembo, yenye mishipa myekundu, ambayo kiangazi hutoweka kabisa ardhini na mvua zikianza hurudi bila maelezo, anaiita Kassimu. Mume wake analijua hilo. Aliwahi kulalamika. Bushira alimwuliza alikuwa wapi mwezi wa saba, na malalamiko yakaishia hapo.

Kazi yenyewe ina maudhi yake. Kivuli kikizidi, rangi hufifia na kila kitu hugeuka kijani cha kawaida, kama mtumishi wa serikali. Jua likizidi, majani huungua kingo. Kwa hiyo makopo yake ya mafuta ya mawese, yaliyotobolewa chini, huhama mwaka mzima kufuata mwanga: leo karibu na jiko, baada ya wiki karibu na shina. Maji huipa mimea yale aliyooshea samaki, ndiyo maana paka wote wa avenyi, yaani mtaa ule, ni wapenzi wa bustani. Chini hutandaza unga wa mbao kutoka karakana ya Isidore, baada ya kuuacha uoze, maana ule mbichi uliwahi kumgeuzia majani yote njano kama macho ya mwenye homa ya manjano. Na Kilio ikitoa ua, yeye hulikata mara moja, kwa ukucha, na kulitupa. Mmea ukiruhusiwa kuzaa, husahau kupendeza.

"Unalima maua," Pulchérie, mke wa Isidore, alimwambia siku moja, "na ukiona ua, unalikata. Mi nilisoma école mpaka sita, lakini hii hawakutufundisha."

Basi ndivyo walivyoishi, Bushira na jirani zake: avoka zikianguka upande huu zilirudishwa kwenye beseni, isipokuwa zilizopasuka, unga wa mbao ulivuka bila kuombwa, na kati ya parseli mbili hapakuwa na ua wala ukuta. Kila mtu alijua mpaka ulipo. Ulipita mahali fulani pale.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana, Kassimu alirudi kutoka Kigoma na tita la vijiti virefu vilivyokwisha toa mizizi. Kila kimoja kilikuwa na shungi la majani kama panga nyembamba, kijani katikati, mstari wa njano, na ukingo mwekundu kama midomo iliyopakwa rangi. Bushira alichuchumaa mbele ya tita akigeuza jani moja moja, na Kassimu akaanza kuogopa kwamba ameleta magugu.

"Baba Samira," alisema mwishowe, "leo umefanya kitu."

Mahali pake alipajua tayari: ule ukanda wa giza kando ya shina, ambapo hata Shemeji alikuwa amekata tamaa. Akavipanda kwa mstari ulionyooka, maana Bushira hupanga vyote kwa mstari, masufuria, viatu, watoto zamani walipokuwa wadogo. Mstari ulianza nyuma ya jiko lake ukaishia karibu na choo cha Isidore. Asubuhi ukitazama kutoka mlangoni, ilikuwa kama bamama waliosimama foleni ya harusi. Alifurahi wiki nzima.

Isidore hakuwepo. Alikuwa kwao Lubondja, akitengeneza mabenchi ya kanisa. Aliporudi, na vifaa begani, alisimama mbele ya mstari ule kabla hata ya kuingia ndani kwake.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Lubondja ni nchi ya wakulima, na mtoto wa mkulima wa huko, kabla ya kujua kuhesabu, hujua mmea mmoja: wenye shina jembamba na shungi la majani kama panga, unaopandwa kwa mstari kati ya shamba na shamba. Ni mti wa mpaka. Ukishapandwa umesema, na mtu mmoja hana ruhusa ya kuung'oa. Hung'olewa na pande mbili, mikono ya wote juu ya shina, mbele ya shahidi. Anayeung'oa peke yake ameiba ardhi, hata kama ardhi ni yake. Bushira, kwa upande wake, alizaliwa Swima, ufukweni, ambako mpaka wa parseli ni ziwa, na ziwa hupanda na kushuka bila kuitisha mkutano. Mti wa mpaka aliwahi kuusikia. Mmea wake ulikuwa na rangi tatu na ulitoka Kigoma. Haikumpitia kichwani kwamba ni ndugu.

"Mama Samira," Isidore aliita, kwa sauti ya upole iliyowatoa watu nyumbani mwao. "Ni we ndiye umepanda hii?"

"Ni mi, Baba Clarisse. Karibu. Umeiona vile iko inapendeza?"

"Naona. Nilienda kujengea Mungu mabenchi, kurudi nakuta jirani amenikatia parseli."

"Nani amekukatia? Ile ni mafleri, maua tu!"

"Mafleri?" Isidore aliinama, akashika jani, akaligeuza kama mtu anayekagua mbao yenye mchwa. "Mama, mi mutu wa Lubondja. Huu ni mupaka. Umeuvalisha kitenge, lakini ni mupaka."

Watu walicheka, na hilo ndilo lililoharibu mambo, maana Isidore hakuwa ametania.

Ubaya ni kwamba alikuwa na haki. Bushira alipoupima mstari wake kwa macho, kutoka pembe ya nyumba, aliona kwamba umeingia kwa jirani, si sana, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, lakini umeingia. Hakuwa amefuata ardhi. Alikuwa amefuata kivuli.

"Nilifuata kivuli," alisema, kwa kuwa ndiyo kweli.

"Kivuli kiko cha nani?"

Swali hilo Isidore alilijibu mwenyewe, mbele ya avenyi nzima: mti ni wake, kwa hiyo kivuli ni chake, na kama kivuli chake ndicho kinachowaalika watu kupanda mipaka, basi kivuli kitaondoka. Jumatatu angemleta mtu wa tronsoneze, mashine ile ya kukatia miti, ambayo sauti yake peke yake huangusha matawi madogo, na shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa, awe shahidi. Akaingia ndani.

Bushira alibaki akiutazama mti. Bila mti ule, akina Kilio wangelala saa nne asubuhi na wasiinuke. Akina Kassimu wangeungua kama karatasi. Yote aliyoyalea tangu ujana wake yangekuwa samadi kabla ya Ijumaa. Alimpigia mume wake simu. Kassimu alikuwa Kalemie akipakia mahindi, na nyuma yake injini ilikuwa ikikohoa.

"Ng'oa tu!" alipiga kelele.

"Siwezi. Mutu mumoja hang'oi mupaka. Ni kosa."

"Si umesema haiko mupaka?"

"Ndiyo."

"Basi ng'oa."

"Nikiing'oa, batasema nilijua ni mupaka nikaogopa. Nikiiacha, batasema ni mupaka."

Kassimu alifikiri. Injini ilifikiri pamoja naye.

"Nikuletee ingine?" aliuliza.

Bushira alikata simu.

Jumamosi mchana Pulchérie alikuja kwa mlango wa nyuma, ambao ni mlango wa mbele wa bamama. Hakukaa. Alizungusha macho kwenye makopo kama mtu aliyekuja kumwona marehemu.

"Mama Samira, nimekuja kuomba kijiti kimoja. Ya ile yenye mudomo mwekundu. Niweke kwa mulango wangu."

"Sasa? Na bwana yako analeta mashine Jumatatu?"

"Njo maana. Kabla jua haijaziua." Akashusha sauti. "Naipenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naona haya. Na ule muti, mi napika chini yake. Na yeye, benchi yake ya kazi iko chini yake. Akiukata tutakaushwa wote pale kama samaki ya ndagala. Anajua. Lakini amesema mbele ya batu, sasa mudomo wake umemufunga."

Bushira alichukua kisu. Alitaka kumkatia shungi la mmea wa mwisho kwenye mstari, maana mmea wa namna ile ukikatwa kichwa, kichwa huota penginepo, na shina huchipua vichwa vingine. Kisu kilipogusa shina, alisita.

"Mama Clarisse. Kukata kichwa, ni kung'oa?"

Pulchérie, mtoto wa Fizi, aliyekulia kati ya mipaka ya mashamba, alilitafakari jambo hilo kama hakimu.

"Kung'oa ni muzizi," aliamua. "Kichwa si muzizi."

"Na ukiipanda kwa mulango wako, na mukono yako, itakuwa mupaka ya mulango na nini?"

"Ya mulango na..." Pulchérie aliangalia mlango wake. Kisha choo. Kisha banda la kuku. Akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu ikabidi ashike ukuta.

Jumapili Isidore alikwenda kanisani asubuhi na kubaki kwenye kikao cha wazee, ambacho kwa bahati kilikuwa kinazungumzia rangi ya mabenchi ya kanisa lile na kwa hiyo hakikuwa na matumaini ya kwisha mapema. Pulchérie alidai anaumwa kichwa. Vichwa vilivyokatwa siku hiyo vilikuwa vingine. Bushira alikata, vichwa na vipande vya mashina, bila kugusa mzizi hata mmoja. Pulchérie alichomeka, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya parseli ya mume wake mwenyewe. Mlangoni. Pande zote za jiko. Kuzunguka choo, ambacho hakijawahi kuheshimiwa namna ile. Mbele ya banda la kuku. Vipande vya mwisho viliingia kwenye bati la rangi tupu, likatundikwa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Bushira alijizuia kusahihisha nafasi kati ya kijiti na kijiti. Pulchérie hapandi kwa mstari, na siku hiyo ndicho kilichotakiwa.

Isidore alirudi akiwa amechoka na rangi ya mabenchi. Aliviona vijiti. Alizunguka nyumba yake polepole, na Bushira, aliyekuwa akipepeta mchele usio na taka, alimsikia akisimama kwenye choo. Kisha ikasikika sauti ya Pulchérie, tamu kabisa, ikiuliza kama atakula sasa au baadaye.

Jumatatu walikuja wote: shefu wa avenyi, Safari, mtu mnene asiyependa kusimama juani, kijana wa tronsoneze na mashine yake begani, na nusu ya avenyi, ambayo haikuwa na kazi ya haraka. Bushira alisimama kwenye jiko lake. Makopo yake aliyapanga nyuma yake, kama mtu anayeficha watoto.

"Mupaka iko wapi?" shefu aliuliza.

Isidore alionyesha mstari. Sasa ulikuwa mstari wa vijiti vilivyokatwa vichwa, lakini ulikuwa mstari.

"Na hii?" Shefu alielekeza fimbo kwenye jiko.

"Hiyo... hiyo iko kwa jiko."

"Na ile?"

"Kwa choo."

"Baba Clarisse, nani anakudai choo?"

Avenyi ilifurahi. Isidore alitazama mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Nani alipanda hii ya huku?"

"Bibi yangu."

"Kwa mukono yake?"

"Kwa mukono yangu, shefu," alisema Pulchérie. "Kuku pia nimewakatia parseli."

Shefu Safari alikwenda kusimama chini ya avoka, mahali penye ubaridi, na ikaonekana wazi kwamba hataki kuondoka pale. Alitangaza kwamba mpaka ni kitu kinachopita kati ya watu wawili. Kitu kinachomzunguka mtu mmoja, kuku wake na choo chake ni mapambo, na serikali haina neno juu ya mapambo. Hata hivyo mstari umevuka, na uliovuka lazima urudi. Ndipo alipowaita wote wawili. Isidore aliweka mkono juu ya kijiti cha kwanza, Bushira akaweka wake chini kidogo, na kimoja baada ya kingine wakaving'oa pamoja mbele ya shahidi, kama inavyotakiwa Lubondja, na Bushira akavirudisha ardhini upande wake, akivipinda kidogo kidogo, mpaka mstari ukawa kitu kama tao.

"Umenishinda na choo yangu mwenyewe," Isidore alimwambia chini chini, mikono yao ikiwa kwenye kijiti cha mwisho.

"Sikukushinda, Baba Clarisse. Nilikukosea. Nilifuata kivuli."

"Basi siku ingine uliza kwanza kinakwenda wapi."

Alikuwa anatabasamu, au jua lilikuwa machoni mwake. Uso wa Isidore hausaidii.

Ikabaki tronsoneze. Kijana alikuwa amekuja na mashine kutoka mbali, avenyi ilikuwa imekusanyika, na mtu aliyesema atakata hawezi kumwacha kila mmoja aende nyumbani bila kusikia kitu kikianguka. Isidore aliuzunguka mti wake akiukagua, kwa uzito wa mtu ambaye hakuwahi kutaka kuukata. Aligonga tawi moja, la chini, lililokuwa likikwaruza bati la Bushira kila upepo ukija.

"Hili," alisema. "Lilikuwa linanikasirisha tangu zamani."

Mashine ikanguruma, kuku wa Pulchérie wakakimbilia katikati ya mapambo yao, tawi likashuka. Na hapo, katikati ya bustani ya Bushira, likatua duara la jua, jeupe, kubwa kama mkeka wa kuswalia, juu ya masikio ya tembo ya Kassimu.

Bushira alikuwa ameshaanza kuyahamisha kabla vumbi halijatulia. Alipomaliza, Isidore, Pulchérie na shefu walikuwa wamesimama ukingoni mwa lile duara wakiliangalia kama watu waliochimba kisima.

"Hapa sasa," alisema Isidore, "panda nyanya. Jua iko."

"Nyanya!" Bushira aliinua kichwa.

"Ama pilipili," alisema shefu, kwa niaba ya serikali.

"Iko ile ya majani manene, ya njano na ya machungwa, yenye inataka jua," alisema Bushira, zaidi kwa nafsi yake. "Niliiona Uvira kwa Samira. Ukiipa jua inawaka kama moto."

"Na yenyewe," Pulchérie aliuliza, "banakulaka?"

Bushira alikuwa amekwisha piga magoti ndani ya lile duara, akipima udongo kwa vidole, na kumwambia Isidore kwamba atahitaji unga wa mbao, ule wa zamani, debe zima, na kama inawezekana kabla ya mvua ya jioni.